Sijakuacha Wewe, Nimeiacha Nyumba

Walinichagua kuwa mwenyekiti wa kamati ya maafa kwa sababu mbili. Ya kwanza, nina sauti. Nimeongoza kwaya ya kigango chetu tangu nina nywele kichwani, na nikiitikia "amina" hata ng'ombe wa jirani hugeuza shingo. Ya pili, siku ya mkutano nilikuwa na suti mwilini, maana nilikuwa natoka harusini, na kijijini kwetu mtu wa suti akisimama popote watu hudhani tayari ameshateuliwa. Mtendaji wa kijiji aliuliza, "Nani anapendekezwa?" Rafiki yangu Mwikwabe akapaza sauti, "Kasmiri!" Watu wakapiga makofi. Nikainuka kushukuru kabla sijajua nashukuru kwa lipi.

Kijiji chetu kiko Bunda, ufukweni mwa ziwa, upande wa kwenda Kisorya. Sisi ni watu wa dagaa na muhogo, na wenye kujiona kidogo ni watu wa dagaa na mahindi. Kwa miaka kadhaa sasa ziwa limekuwa likipanda. Mahali tulipokuwa tukianikia dagaa zamani, leo sangara wanapita. Mvua nayo imepoteza adabu: vuli inachelewa hadi mbegu zinaoza ghalani, halafu masika inakuja yote kwa mara moja kama mgeni aliyefukuzwa kwingine. Ndiyo maana serikali ya kijiji ikaona iundwe kamati, na kamati ikapata mimi.

Sasa, kuna jambo moja ambalo siku ile hakuna aliyelitaja kwa sauti. Katika nyumba zote za kijiji, iliyokuwa chini kuliko zote, karibu na maji kuliko zote, ilikuwa ya kwangu.

Nyumba yenyewe muiwazie. Msingi wa mawe, matofali ya kuchoma, bati la bluu, baraza lenye vigae. Ukikaa barazani unaiona Ukerewe kama imewekwa pale kwa ajili yako. Niliijenga miaka ile dagaa walipokuwa wanajileta wenyewe kwenye taa. Mimi nimekulia kwenye nyumba ya nyasi ambayo mvua ikinyesha mama alikuwa anatuhamisha kona hadi kona kama vifaranga. Kwa hiyo nilipoezeka bati la bluu, watu wakaanza kusema "kwa Kasmiri wa bati la bluu," na jina hilo nililipenda kuliko la ubatizo. Mgeni akishuka gulioni akauliza njia, ataambiwa: nenda hadi bati la bluu, halafu kata kushoto. Nilikuwa alama ya barabarani. Watu wangapi wamefika huko?

Kamati ilipoundwa, shirika moja likatuita wenyeviti semina ya Musoma. Nilifikia kwa dada yangu Getruda, mtaa wa Kamunyonge, nikapiga pasi suti hadi ikang'aa magotini. Mwalimu wetu alikuwa binti mmoja anaitwa Debora, mpole, lakini anauliza swali kama daktari anayebonyeza tumbo. Alitufundisha neno "ustahimilivu."

"Ustahimilivu," alisema, "si kukaa mahali pabaya kwa ujasiri. Ni kujipanga ili baya likija lisikumalize."

Nusu ya pili ya maelezo hayo sikuisikia. Nilikuwa nalionja lile neno mdomoni. Us-ta-hi-mi-li-vu. Neno la kuimba kwa besi! Nilipofika kwa Getruda nilimweleza semina nzima huku nimesimama, yeye anachambua mchele. Aliponyamaza sana nikadhani nimemgusa. Akasema, "Kaka, na nyumba yako wewe iko wapi vile?"

"Ya kwangu ina msingi wa mawe," nikamjibu.

"Haya," akasema, akaendelea na mchele.

Nilirudi kijijini nikiwa mtu mwingine, yaani yuleyule kwa sauti kubwa zaidi. Niliitisha mkutano. Nikawaambia wa bondeni wahame, wapande kule mlimani karibu na shule, ambako serikali ya kijiji ilikuwa imetenga viwanja. Nikawaambia wapande mtama na muhogo wasitegemee mahindi peke yake. Nikaweka mpango wa dharura: lile rimu la gari linalotumika kama kengele ya kanisa likigongwa mfululizo, kila mtu aache alichoshika apande shuleni, na kila balozi wa nyumba kumi ahesabu watu wa nyumba zake. Tukafanya mazoezi. Tukayarudia. Nikiona watu wanakwenda kwa kujivuta, nawarudisha tuanze upya, kama ninavyofanyaga kwa sauti ya nne ikipotea. Bibi Ghati, mzee wetu mwenye ulimi, alisema hajawahi kupanda mlima ule mara nyingi hivyo hata alipokuwa anachumbiwa kule juu.

Mwishoni mwa mkutano mmoja Mwikwabe akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, tumekuelewa. Sasa wewe unahama lini?"

Nilikuwa na jibu. "Nahodha," nikasema, "huwa wa mwisho kushuka chomboni."

Watu wakacheka sana. Nikacheka nao. Ilinichukua muda kugundua kwamba tulikuwa tunacheka vitu tofauti.

Mke wangu Nyangi hakucheka. Nyangi ni fundi cherehani, na mafundi cherehani wana tabia ya kukutazama kama wanakupima. Msimu ule maji yalishafika kwenye baraza. Asubuhi tukiamka tunakuta vigae vinang'aa na chura mmoja amekaa katikati kama mjumbe aliyewahi kikao. Mimi nikasema ni unyevu. Nikanunua viroba, nikavijaza mchanga, nikavipanga mbele ya nyumba upande wa ziwa, safi, kama matofali.

"Baba Prosper," Nyangi akaniita siku moja. Prosper ni mtoto wetu wa kwanza, yuko Mwanza na kazi zake. "Jumapili ulisimama mbele ya watu ukasema, asiyehama bondeni anaweka rehani watoto wake. Ni wewe uliyesema au nilisikia vibaya?"

"Nilikuwa nazungumzia wananchi."

"Sisi ni nini?"

Nikamweleza habari za msingi wa mawe. Akanisikiliza mpaka mwisho, hilo lazima nimsifie. Halafu akarudi kwenye cherehani, nikajihesabia ushindi.

Kumbe kile kikundi chao cha akina mama, kile ambacho kwa ushauri wangu mwenyewe kilianza kujengeana nyumba mlimani kwa zamu, kilikuwa kimefika zamu yake. Nilikuwa nawaona kila jioni wanarudi na udongo hadi viwikoni, nikiwapongeza. "Hongereni mama zangu, huo ndio ustahimilivu!" Sikuwahi kuuliza wanamjengea nani.

Siku aliyohama, mkokoteni wa Mwikwabe ulisimama mlangoni saa za asubuhi. Wakapakia cherehani, kabati la vyombo, kuku kwenye tenga, na godoro la kitanda chetu. Mimi nilibaki nimeshika mswaki.

"Mama Prosper, unaniacha?"

Alikuwa anafunga kamba ya tenga. Hakugeuka upesi. "Sijakuacha wewe," alisema. "Nimeiacha nyumba. Na wewe ukiiacha, njoo. Nimekuwekea nafasi."

Mwikwabe akatazama pembeni kwa heshima, halafu mabega yake yakaanza kutikisika.

Habari ilifika Bunda mjini kabla ya mkokoteni kufika mlimani. Samia, mama mmoja mfanyabiashara anayenunuaga dagaa kwetu, alipokuja na gari la mzigo alinipa mkono kwa majonzi. "Shemeji, pole sana."

"Pole ya nini?"

"Nimesikia umebaki mjane na mke yuko hai."

Basi nikaanza maisha ya ajabu. Mchana napanda mlimani kula kwa mke wangu, jioni nashuka kulala kwenye nyumba yangu. Njiani watu wananisalimia, "Mwenyekiti, unatoka kutembelea ukweni?" Kule juu Nyangi ananiwekea ugali wa udaga wa muhogo na samaki furu wa kukaanga, ananitengea maji ya kunawa, ananiuliza habari za kikao. Hakunigombeza hata siku moja. Hilo ndilo lililoniuma. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, imeinuliwa kwenye kijukwaa cha mawe, na mimi kwa kuwa nina nyumba ya matofali ya kuchoma nikawa naikagua kila nikija.

"Hili dirisha limepinda," nikamwambia.

"Limepinda," akakubali. "Lakini limekauka."

Mtaniuliza: sasa, Kasmiri, ulikuwa unangoja nini? Wakati huo ningewatajia mawe ya msingi. Leo nasema hivi. Kila tofali la nyumba ile lilipita mikononi mwangu. Niliogopa kwamba nikipanda mlimani kukaa kwenye udongo, ule mlio wa mvua kwenye kona utanirudia, na jina nalo litabaki chini na lile bati. Nitakuwa Kasmiri tu. Ni aibu kwa mtu mzima kuogopa kitu cha namna hiyo kuliko maji, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Kisha kulikuwa na habari ya tanki. Shirika lilileta tanki la plastiki, kubwa, jeusi, la kuvunia maji ya mvua, liwe mfano kwa kijiji. Likawekwa kwangu kwa kuwa mimi ndiye mwenyekiti na bati langu ndilo kubwa. Walileta na gata za kufunga ukingoni mwa bati, zipeleke maji tankini. Gata nikaziweka stoo. Nilikuwa nazifunga kesho. Kesho hiyo ilifika mara nyingi ikanikuta nina mazoezi ya kwaya. Debora akipiga simu kutoka Musoma anauliza, "Mwenyekiti, tanki linaendeleaje?" namjibu, "Limesimama vizuri sana." Na sikudanganya. Lilisimama.

Siku ilipofika, ilifika mchana kweupe. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, ikapumzika, ikarudi na upepo kutoka ziwani. Mimi nilikuwa barazani naongeza viroba. Mara nikasikia rimu la kanisa linagongwa, mfululizo, bila kupumzika. Unajua nilifanya nini? Nilikasirika. Nikajiambia: nani ameanzisha mazoezi bila kunitaarifu mimi mwenyekiti? Nikapanga maneno ya kumwambia mtu huyo. Nikaendelea na viroba.

Nikaona watu wanapanda. Wanapanda vizuri mno, bila kujivuta, wazee wameshikwa mkono, mbuzi mbele, akina mama wamebeba watoto na kila balozi nyuma ya watu wake. Nikafurahi jamani. Nikasimama pale na koleo mkononi nikiwasifu peke yangu: "Safi! Hapo sasa! Msikimbie, msikimbie!"

Maji hayakuja kutoka ziwani nilikojipanga. Yalikuja kutokea nyuma. Korongo linaloshuka kutoka vilimani, ambalo wakati wa kiangazi tunapita kwa miguu mikavu, lilivunja kingo zake likaja na matope, magogo na bati la mtu. Lilisukuma mlango wa nyuma likaingia sebuleni bila hodi. Nilikimbilia ndani kuokoa sijui nini, nikakuta kochi linanijia. Maji yakataka kutokea mbele, yakakuta viroba vyangu. Nilivipanga vizuri sana, nawaambia. Havikupitisha hata tone. Nyumba ikajaa kama ndoo, nami ndani.

Nilitokea dirishani. Nje hapakuwa na chini tena. Ziwa lilikuwa linapanda kwa mawimbi huku korongo linashuka, na mimi nikiwa katikati yao, suruali imejaa tope, nikaanza kuvutwa. Nilishika nguzo ya baraza ikang'oka. Nilishika mti wa mpera ukapinda. Halafu kitu kikubwa cheusi kikanigonga mgongoni, nikajua ni kiboko, nikamwomba Mungu anipokee na dhambi zangu zote pamoja na zile ambazo sijawahi kuziungama.

Lilikuwa tanki. Tupu. Limeelea kutoka kwenye jukwaa lake, jepesi, linacheza juu ya maji kama boya. Nikalikumbatia. Nimelikumbatia tanki lile kama sijawahi kukumbatia mtu, na tukaenda nalo, mimi na mradi, kuelekea kwenye matete.

Niwaambie jambo ambalo bado linanisumbua. Kama ningefunga zile gata nilivyoagizwa, tanki lingekuwa limejaa maji, lisingeelea, na leo mngekuwa mnasimuliwa na mtu mwingine. Uvivu wangu ndio ulioniokoa. Nimejaribu kulifanyia hubiri jambo hilo, nimeshindwa.

Matete yalilidaka tanki likakwama. Mvua ilikuwa nzito kiasi kwamba sikuona pwani wala mlima. Upande mmoja nilisikia kiboko halisi, anapumua. Nikapiga kelele za kuomba msaada. Lakini mimi sijui kupiga kelele za kawaida. Baada ya muda nikajikuta naimba. Sikuchagua. Ilikuwa sauti ya besi ya wimbo wa maingilio, ile sehemu ambayo besi wanashikilia noti moja muda mrefu wakati soprano wanapanda. Niliishikilia noti ile nikilia.

Kule mlimani, haya nimeyajua baadaye, mabalozi walikuwa wanahesabu. Kila balozi akawa anaitika: wangu wote wapo. Wangu wote wapo. Bibi Ghati yupo, mbuzi wake yupo. Balozi wa nyumba zetu akahesabu, akarudia, akasema kwa sauti ndogo, "Kwangu amepungua mmoja. Ni Mwenyekiti."

Wanasema Nyangi, ambaye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona korongo linafurika na kwenda kugonga rimu, alikaa chini kwenye tope. Kisha akainuka akamshika Mwikwabe shati. "Yuko nyumbani," akamwambia. "Rafiki yako huyo yuko nyumbani. Mfuateni."

Mwikwabe na vijana wawili wa mwaloni, pale boti zinapoegeshwa, walitoka na boti ya injini kwenye mawimbi ambayo mtu mwenye akili hatoki. Walifika kwenye bati la bluu wakakuta maji yamefika madirishani. Wakaniita. Kimya. Mwikwabe anasema alikuwa ameshaanza kufikiria atamwambia nini Mama Prosper. Ndipo aliposikia noti.

"Zimeni injini," akawaambia vijana. Wakasikiliza. "Huyo ni yeye. Anaimba chini kidogo ya ufunguo, lakini ni yeye."

Wakafuata sauti mpaka kwenye matete. Walipotaka kunivuta, sikukubali kuliachia tanki. Nasimuliwa kwamba niliwaambia, "Hii ni mali ya kijiji." Wakalifunga kamba nyuma ya boti, tukaja nalo.

Tukafika shuleni. Watu wote walikuwa chini ya paa la madarasa, wakavu, wanakunywa uji. Watu wote, mtu hata mmoja hakuumia. Mimi nikapita katikati yao nimebakiwa na shati na nusu ya suruali, nyuma yangu vijana wamebeba tanki. Nyangi akanijia. Alikuwa ameshika kanga. Akanipiga nayo begani, akanipiga tena, halafu akanifunga nayo kiunoni, halafu akaweka kichwa chake kifuani kwangu akalia kwa sauti mbele ya kijiji kizima. Maneno ya ile kanga sikuyasoma. Waliokuwa nyuma yangu waliyasoma, nikawasikia wanajikaza, mpaka Bibi Ghati akashindwa, na kicheko chake kikabeba wengine wote. Nami nikacheka huku meno yanagongana.

Maji yalipopungua tulishuka kuangalia. Ukuta wa nyuma ulikuwa umelala. Bati limekunjwa upande mmoja kama sikio la mbwa. Vigae vya baraza vilikuwa bado vipo, safi, chini ya maji. Nilikaa kwenye jiwe nikalia kwa ajili ya nyumba. Nilikuwa nangojea Nyangi aseme neno ambalo alikuwa na haki ya kulisema. Akakaa kando yangu. "Ilikuwa nzuri," alisema. "Siku tuliyoingia, nilishindwa kulala kwa furaha."

Mkutano uliofuata nilisimama, safari hii bila suti, nikajiuzulu. Nikasema haifai mwenyekiti wa maafa awe ndiye maafa yenyewe.

Bibi Ghati hakungoja aruhusiwe kusema. "Kaa chini, Kasmiri. Ukijiuzulu wewe tutamcheka nani?" Watu wakacheka. Akawangoja wamalize. "Halafu sikiliza. Siku ile mimi sikufikiri kitu. Niliogopa mpaka akili ikaruka. Lakini ulitukera na mazoezi yako hadi miguu ikaijua njia yenyewe. Miguu yangu ndiyo iliyonipeleka. Wewe ndiye uliyeifundisha. Sasa ifundishe na ya kwako."

Sikuwa na la kujibu, jambo ambalo mtendaji alisema liandikwe kwenye muhtasari.

Nikahamia mlimani. Nilifika mlangoni kwa Nyangi na begi moja, nikapiga hodi, maana haikuwa nyumba yangu. Kulikuwa na nafasi kama alivyosema. Mvua iliponyesha usiku wa kwanza sikuhamishwa kona hata moja.

Debora aliposikia habari alinipigia. Niliogopa atauliza habari za gata, na kweli aliuliza. Nikamwambia ukweli wote, na upande wa pili wa simu nikasikia anajikohoza kuficha kicheko. "Mwenyekiti," akasema, "utakubali kuwasimulia wengine?"

Ndivyo nilivyoanza kusafirishwa. Mara ya kwanza ilikuwa Bunda, ukumbini, wenyeviti wa vijiji vingi. Nilianza kwa ufasaha: mabadiliko ya tabianchi, ustahimilivu, wadau. Watu wa mstari wa mbele wakafumba macho kwa heshima, wa nyuma wakafumba bila heshima. Katikati ya hotuba sauti ikatoka kwenye kona: "Samahani mzee. Wewe si ndiye yule wa tanki?"

Nikaweka karatasi chini. "Ndiye mimi," nikasema. Nikawasimulia, kuanzia chura. Walicheka mpaka mhudumu wa chai akaja kuchungulia. Lakini nilipofika pale Nyangi anafunga kamba ya tenga, wakanyamaza. Baadaye baba mmoja kutoka kijiji cha ufukweni kama chetu alinifuata nje. Aliniuliza hivi: ukishahama, ile hamu ya kushuka kwenda kuangalia nyumba ya zamani inaishaga lini? Nikamwambia bado sijui, mimi mwenyewe hushuka kila Jumapili. Akanishukuru. Sijui alinishukuru kwa lipi, lakini nimesikia amehama.

Kuna na mmoja aliyeuliza, "Kwa hiyo mzee unatushauri tusifunge gata?" Swali hilo linaulizwaga kila niendako. Najibu: funga gata, kisha usikae nilipokuwa nakaa mimi.

Safari ya mwisho ilikuwa Butiama, kwa kikundi kimoja cha wakulima. Huko taabu ni nyingine. Sisi maji yanatufuata, wao yanawakimbia. Nilipomaliza kuchekesha, mama mmoja anaitwa Gati, si yule bibi yetu, alikuwa hajacheka. Wenzake wakaniambia pembeni kwamba huyo ndiye aliyebaki na mahindi matupu. Kila msimu yanakauka yakiwa yamefika magotini, na kila msimu anayapanda tena. Wakaniomba nimshauri.

Zamani ningempa hotuba hapohapo, amesimama na jembe. Nikamwomba anioneshe shamba. Tukatembea. Mahindi yalikuwa yamejikunja majani kama mtu anayejikinga na baridi. Sikusema kitu, na kwangu mimi kutosema kitu ni kazi ya jasho. Mwisho akaanza mwenyewe.

"Baba yangu alikuwa anauza mahindi mpaka Musoma," akasema. "Muhogo tulikuwa tunawapelekea majirani wenye shida. Nikipanda muhogo shamba zima, watasema mtoto wa fulani amefika huko."

"Watasema," nikamwambia. "Mimi walisema."

"Uliumia?"

"Niliumia. Halafu mke wangu akanitengea chakula."

Hapo ndipo alipocheka, kidogo tu, kwa pua. Tulirudi polepole. Hakuniahidi kitu. Ila nilipokuwa naaga, alikuja na kiroba kilicholowa. Alikuwa amekwenda kwa mwenzake wa bondeni akakata marando ya viazi vitamu, aina inayovumilia jua, akayafunga kwa gunia bichi. "Mpelekee huyo mke wako," akasema. "Na mimi nimejikatia kidogo. Kipande cha shamba tu. Nijaribu."

Marando yale nilirudi nayo Bunda nimeyapakata kwenye basi, yakimtiririkia abiria wa jirani hadi kwenye viatu, tukagombana, tukapatana, na aliposhuka aliomba akapewa machache. Nilipofika nyumbani Nyangi alikuwa ameshainua matuta nyuma ya nyumba. Alifungua kiroba, akayageuzageuza.

"Haya yamenyauka ncha," akasema. "Lakini yatashika. Twende kabla mvua haijaanza."

Yeye akawa anachimba mbele, mimi nafuata nyuma nikifukia. Nilikuwa naenda vizuri, kwa mwendo wa wimbo, najisifu kimoyomoyo, mpaka aliposimama kwenye mwisho wa tuta akageuka kutazama kazi yangu. Nilikuwa nimeyapanda yote kichwa chini. Akaweka jembe, akainama, akang'oa la kwanza, akaligeuza, akalirudisha ardhini, akashindilia udongo kwa kidole gumba. Nikainama upande wa pili wa tuta, nikang'oa linalofuata.